Kiwewe cha vita: ndugu au rafiki anaporudi akiwa amebadilika

Kwa ufupi

- Kiwewe ni jeraha la akili linalotokana na tukio la kutisha kama vita, ubakaji, kipigo au ajali. Si uchawi, si laana, wala si udhaifu wa imani.
- Mtu mwenye kiwewe mara nyingi huwakwepa watu anaowapenda. Kukukwepa si kukuchukia.
- Usimlazimishe asimulie yaliyompata. Kaa naye, rudi tena, timiza ulichoahidi.
- Dalili zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia kula, kulala au kufanya kazi, mpeleke kituo cha afya.
- Akizungumzia kufa au kujiua, usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Alikuwa mtu wa watu. Akipita njiani, kila nyumba ilimwita. Sasa amerudi, lakini hapigi hodi kwa mtu, na akipigiwa hodi hafungui. Rafiki yake wa utotoni akija kumwona, yeye anatokea mlango wa nyuma. Usiku anapiga kelele usingizini. Majirani wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema anaringa. Mama yake hajui aamini lipi.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mama huyo, mke, dada, shangazi na yeyote anayemtunza mtu wa namna hii, hasa Handeni na Korogwe. Inaeleza kiwewe ni nini, kwa nini huvunja urafiki, na nini mnaweza kufanya nyumbani kabla na baada ya kufika hospitali.

Marafiki watatu, jeraha moja

Mwaka 1978 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo The Deer Hunter, iliyoongozwa na Michael Cimino. Ilipata tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Inahusu marafiki watatu, Michael, Steven na Nick, wanaofanya kazi katika kiwanda cha chuma kwenye mji mdogo. Wanakunywa pamoja, wanawinda pamoja, wanacheza kwenye harusi ya Steven. Kisha wanakwenda vitani Vietnam, wanakamatwa mateka na kuteswa. Wanatoroka, lakini kila mmoja anatoka na sura yake ya jeraha.

*Michael* anarudi akiwa mzima wa viungo. Watu wake wamemwandalia sherehe ya kumpokea. Anaiona akiwa ndani ya teksi, anamwambia dereva apitilize, na usiku huo analala hotelini. Anawapenda, ila hawezi kusimama mbele yao.

*Steven* amepoteza miguu. Yuko hospitali ya wanajeshi wa zamani na hataki kurudi nyumbani kwa mke wake. Anaona aibu, anajiona mzigo.

*Nick* harudi kabisa. Anabaki Saigon, amezama katika kamari ya kuhatarisha maisha inayofanana na mateso aliyopewa akiwa mateka. Michael anamfuata mpaka huko kwa sababu aliahidi hatamwacha. Nick mwanzoni hamtambui, na anafia huko.

Kamari hiyo ni ubunifu wa filamu. Lakini mambo matatu tunayoyaona, yaani kukwepa, kuona aibu na kufa ganzi, madaktari wa akili huyakuta kila siku kwa watu waliopitia mambo ya kutisha. Filamu inaonyesha pia jambo ambalo familia nyingi hulisahau: jeraha moja huweza kutokea kwa sura tofauti. Kwa hiyo usiseme, “Mbona mwenzake walikuwa wote na yeye yuko sawa?” Huenda mwenzake naye hayuko sawa, ila anaonyesha kwa namna nyingine.

Vita viko mbali na Handeni?

Unaweza kusema mambo ya Vietnam hayatuhusu. Lakini mwaka ule ule wa 1978, mwishoni mwa Oktoba, majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vijana wa Tanzania, wakiwemo wanajeshi, vijana wa JKT na mgambo, walikwenda vitani. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka waliokufa. Waliorudi wakiwa hai tunawaona wazima, nao wengi wamenyamaza.

Kumbuka kwamba jina la kitabibu la tatizo hili liliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, vita hivyo vikiwa vimekwisha. Kijana aliyerudi kutoka Uganda hakuwa na jina la kumpa daktari wala mke wake. Leo ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Dalili zilizolala miaka mingi zinaweza kuamka mtu anapostaafu, anapofiwa na mwenzi wake, au anapoanza kuugua. Babu anayepiga kelele usiku, au anayenuna kila tarehe fulani ya mwaka, huenda ana jambo la zamani linalorudi.

Vijana wetu wameendelea kwenda. Tangu mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania wamehudumu katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo. Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania zaidi ya kumi waliuawa katika kambi ya Semuliki. Wenzao walionusurika walirudi nyumbani kwa mama zao.

Na kuna waliokuja Handeni wakikimbia vita. Karne ya 19, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka nchi hii kwa njaa na utumwa, wakavushwa kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia. Watoto na wajukuu wao walilima kando ya Mto Juba na wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka mia moja. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wakulima hao walijikuta katikati ya makundi yenye silaha, bila ukoo mkubwa wa kuwalinda. Waliporwa, waliuawa, wanawake walibakwa. Wengi walikimbilia Kenya, na baadaye maelfu wakahamishiwa Marekani. Wengine walikuja Tanzania, wakakaa kambi ya Mkuyu, kisha wakapewa makazi ya Chogo, Handeni, ambako wengi walipata uraia.

Walirudi nchi ya mababu na kukuta lugha yao inasikika. Hilo ni jambo la faraja. Lakini familia ziligawanyika, mmoja Chogo, mwingine kambini Kenya, mwingine Marekani. Marafiki waliokimbia njia moja usiku mmoja hawakuonana tena. Kupokelewa vizuri hakufuti yaliyoonwa njiani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo fulani la afya ya akili. Maana yake pia ni kwamba watu wengi hupona au hubaki imara. Kiwewe si hukumu ya maisha.

Kiwewe ni nini hasa?

Mwili wa binadamu una kengele ya hatari. Ukikutana na nyoka shambani, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, unakimbia. Nyoka akiondoka, kengele inanyamaza.

Kwa mtu mwenye kiwewe, kengele hiyo imekwama. Hatari imepita miaka mingi, lakini mwili bado unaamini ipo. Mlio wa pikipiki, harufu ya nyama inayoungua, sare za kijeshi au fataki za mwaka mpya huiwasha upya. Hachagui kushtuka. Mwili wake unamtangulia.

Si vita tu vinavyoleta kiwewe. Ubakaji, ukatili wa ndani ya nyumba, ajali za barabara kuu ya Chalinze na Segera, moto, mafuriko na kufiwa ghafla huweza kukileta pia. Mwongozo huu unawafaa wote hao.

Dalili za kuangalia kwa mtu mzima

Wiki za kwanza baada ya tukio, karibu kila mtu hukosa usingizi, hulia au hushtuka. Hilo ni la kawaida na wengi hutulia wenyewe wakiwa na watu wao. Wasiwasi huanza dalili zikiendelea zaidi ya mwezi, au zikizidi kila siku.

*Tukio linarudi.* Ndoto za kutisha, picha za tukio zinazokuja bila kuitwa, kuhisi kama jambo linatokea sasa hivi.

*Anakwepa.* Hataki kuzungumzia, hapiti njia fulani, haendi msibani wala harusini, anawakimbia waliokuwa naye.

*Kengele haizimi.* Anashtuka kwa sauti ndogo, anakaa ameegemea ukuta akitazama mlango, analala kidogo, anafoka kwa jambo dogo.

Pamoja na hizo, mtu anaweza kufa ganzi moyoni, kujilaumu kwamba yeye amepona na wenzake wamekufa, kuumwa kichwa au tumbo bila daktari kuona sababu, au kunywa gongo na kuvuta bangi ili alale. Wengine hupata sonona: huzuni nzito isiyoondoka, kukosa hamu ya kila kitu na kujiona hana thamani.

Kwa nini anamkimbia rafiki yake?

Hili ndilo linalowaumiza wengi, hivyo tulieleze taratibu.

Rafiki aliyekuwa naye siku ile ni ukumbusho unaotembea. Uso wake pekee unatosha kuwasha kengele. Anamkwepa si kwa sababu amefanya kosa, bali kwa sababu akimwona anaona na siku ile.

Rafiki ambaye hakuwepo analeta shida nyingine. Mgonjwa anafikiri, “Huyu hawezi kuelewa,” au “Nikimwambia nilichofanya atanidharau.” Basi ananyamaza, na ukimya unakuwa ukuta.

Mwingine anaogopa kuumiza watu. Anajua anafoka. Anajitenga ili kuwalinda.

Na mara nyingi upande wa pili rafiki naye anakasirika: “Nimekwenda mara tatu hanijali, basi.” Anaacha kwenda. Mgonjwa anapata uthibitisho wa alichokuwa anakiogopa, kwamba yuko peke yake. Hivi ndivyo urafiki wa miaka 20 unavyokufa bila ugomvi.

Ukielewa kwamba kukwepa ni dalili, kama homa ilivyo dalili ya malaria, hutaichukulia kama tusi. Huwezi kumkasirikia mgonjwa wa malaria kwa kutetemeka.

Watoto huonyesha kwa njia yao

Mtoto aliyeona ukatili, au anayeishi na mzazi mwenye kiwewe, mara nyingi hasemi kwa maneno. Angalia haya:

- Chini ya miaka 6: anakojoa kitandani tena baada ya kuacha, anang'ang'ania nguo ya mama, anaacha maneno aliyokwisha kuyajua, anaogopa giza.
- Miaka 6 hadi 12: anacheza tukio lile lile tena na tena, anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, alama zinashuka, anajiona yeye ndiye chanzo.
- Vijana: wanajitenga, wanapigana, wanatumia pombe au bangi, wanasema hawaoni kesho yao.

Usimpige mtoto kwa kukojoa kitandani. Kipigo kinaongeza hofu, na hofu ndiyo inayomkojoza. Mrudishie ratiba: saa ya kula, saa ya kuoga, saa ya kulala, hadithi ya bibi. Mwambie ukweli mfupi unaolingana na umri wake: “Baba anaumwa. Si kosa lako. Tunamtafutia dawa.” Zungumza na mwalimu wake ili shuleni naye asiadhibiwe kwa ugonjwa.

Kama mtoto yuko hatarini au unahitaji ushauri juu yake, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Haina malipo.

Mnachoweza kufanya nyumbani

Wahudumu wa dharura hufundishwa mambo matatu ambayo mlezi yeyote anaweza kuyafuata: *angalia, sikiliza, unganisha*.

*Angalia.* Je, yuko salama? Amekula? Ana pa kulala? Amejeruhiwa mwili? Mahitaji hayo yanakuja kwanza. Mtu mwenye njaa hafarijiki kwa maneno.

*Sikiliza.* Kaa karibu, si uso kwa uso kama polisi. Watu wengi huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi: mkipukuchua mahindi, mkimenya mihogo, mkitembea kwenda shamba. Akianza kusema, usimkatishe, usimsahihishe, usimsimulie ya kwako. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimchimbe. Kumlazimisha mtu asimulie tukio lote mara moja hakumponyi na kunaweza kumuumiza zaidi.

*Unganisha.* Msaidie kurudi kwa watu polepole. Anza na mtu mmoja anayemwamini, si mkutano wa ukoo. Msindikize kliniki. Msaidie kurudi kwenye kazi ndogo anayoiweza.

Chukua mfano huu, ambao ni wa kubuni. Rafiki amekwenda mara mbili bila kufunguliwa. Mara ya tatu anasimama uani na kusema: “Kaka, ni mimi. Sikuji kukuuliza kitu. Nimekuletea mihogo, naiacha hapa kwa mama. Jumatano nitapita tena.” Jumatano anapita kweli. Jumatano inayofuata, vilevile. Ahadi ndogo inayotimizwa ina nguvu kuliko hotuba ndefu, kwa sababu mtu ambaye ulimwengu wake ulivunjika ghafla anahitaji kitu kimoja kinachotabirika.

Mtani naye anaweza kusaidia, kwa sababu anaruhusiwa kufika pale wengine wanapoogopa. Lakini mtani naye apime: utani juu ya kuchinja, kufa au kukimbia vita uachwe.

Maneno ya kusema na ya kuepuka

Badala ya “Sahau hayo, yamepita,” sema “Najua bado yanakuuma.”

Badala ya “Jikaze, wewe ni mwanaume,” sema “Hata mwenye nguvu huumia. Nipo.”

Badala ya “Mshukuru Mungu umepona, wenzako wamekufa,” sema “Nafurahi uko hapa.”

Badala ya “Niambie kila kitu,” sema “Ukitaka kusema nitasikiliza. Usipotaka tutakaa tu.”

Dua na maombi huwapa wengi nguvu, na hakuna sababu ya kuyaacha. Yaende pamoja na matibabu. Yeyote atakayekutaka umfunge mgonjwa kamba au minyororo, umnyime chakula, au uache dawa za hospitali, usimfuate.

Akishtuka ghafla: hatua kwa hatua

1. Usimshike kutoka nyuma wala kumtikisa. Simama mahali anapokuona.
2. Mwite jina lake kwa sauti ya chini: “Ni mimi dada yako. Uko nyumbani Korogwe. Ni leo, uko salama.”
3. Mwambie akanyage chini kwa miguu yote miwili na ahisi ardhi.
4. Mwombe ataje vitu vitano anavyoviona: mlango, kikombe, kuku, mwembe, ndoo.
5. Mpumue pamoja, mkitoa pumzi polepole kuliko mlivyoivuta.
6. Akitulia mpe maji. Usimhoji. Usimcheke.

Akiwa usingizini anapiga kelele, muamshe kwa kumwita ukiwa mlangoni. Anaweza kurusha mkono kabla hajajua ni wewe. Watoto wasilale kitanda kimoja naye kipindi hicho.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda kama dalili zimezidi mwezi, kama hali, halali au hafanyi kazi, kama anakunywa kila siku, au kama nyumbani mnamwogopa.

Nenda *leo hii* kama anasema anataka kufa, anaaga watu au kugawa vitu vyake bila sababu, anasikia sauti zinazomwamuru, au ametishia kuua mtu. Muulize waziwazi: “Je, unawaza kujiua?” Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba mtu ameona. Ondoa nyumbani dawa za kuulia wadudu wa mazao, silaha, na dawa nyingi za hospitali. Mtu akae naye usiku na mchana mpaka mfike kwa mhudumu.

Aliyebakwa asisubiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi linaweza kumsaidia, lakini afya yake ije kwanza.

Pa kwenda

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii awasindikize. Watakupa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Handeni au hospitali ya Magunga, Korogwe. Hali ikihitaji zaidi, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, jijini Tanga, na hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, Dodoma. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kusaidia pale familia inaposhindwa gharama au kuna ukatili nyumbani.

Korogwe ina pia hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, katika milima ya Usambara. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na ni miongoni mwa hospitali kongwe za aina hiyo Afrika Mashariki. Yaani kabla ya Vietnam na kabla ya Kagera, milima hii ilikwisha kuwapokea watoto walioporwa kwao. Kupeleka ndugu hospitali ya akili si jambo geni hapa, na si aibu.

Andika dalili kwenye karatasi kabla hamjaenda: zilianza lini, analala saa ngapi, anakunywa nini, nini humshtua. Mgonjwa mwenyewe anaweza kusema “sijambo” mbele ya daktari.

Matibabu yakoje?

Tiba ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, kwa vikao kadhaa. Mgonjwa huongozwa kulisimulia tukio kwa mpangilio na kwa kasi anayoiweza, mpaka likae mahali pake, yaani jambo lililotokea zamani na si linalotokea sasa. Hiyo ni tofauti na kumchimba nyumbani. Kuna mtu anayejua lini asimame.

Je, tiba hii inafaa kwa watu wetu? Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwa wanasihi, katika utafiti uliohusisha wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Baada ya miezi 9, karibu 7 kati ya 10 waliopata vikao hawakuwa tena na kiwewe cha kiwango cha ugonjwa. Kwa wasiopata vikao ilikuwa chini ya 4 kati ya 10. Wanasihi hao hawakuwa madaktari. Walikuwa majirani waliofunzwa vizuri na kusimamiwa.

Dawa pia zipo, hasa kama kuna sonona. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, hivyo asiziache siku ya tano kwa kuona hazifanyi kazi, na asiziache ghafla akipata nafuu bila kumuuliza daktari. Usimnunulie dawa za usingizi dukani kwa kukisia. Mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema.

Filamu za vita sebuleni na kibanda umiza

Kijana wenu akipenda filamu za vita hana kosa. Lakini nyumba yenye mtu mwenye kiwewe izingatie. Mwambie kabla hamjawasha, punguza sauti, mwachie nafasi ya kutoka bila kuulizwa. Watoto wadogo wasikae mbele ya filamu za mauaji, iwe nyumbani au kibanda umiza. The Deer Hunter yenyewe ni ya watu wazima, ina mateso na kifo cha kujiua kinachoonekana. Mtu mwenye mawazo ya kufa asiitazame.

Kwa baadhi ya wazee, kutazama pamoja habari za vita vyao hufungua mazungumzo ya kwanza baada ya miaka 40. Akitaka yeye, kaa naye. Asipotaka, zima.

Na wewe unayemtunza?

Mlezi huchoka. Unalala sikio wazi, unapika mtu hali, unajibu majirani. Ukiona unalia bila sababu, unafoka kwa watoto, au huna hamu ya lolote, nawe unahitaji msaada. Gawana zamu na ndugu. Tafuta hata mtu mmoja wa kumwambia ukweli: somo wako, dada, mwenzako wa kikundi cha vikoba.

Na jambo hili lisikike wazi: ugonjwa si ruhusa ya kukupiga. Ukipigwa, toka na watoto kwanza, omba msaada wa mwenyekiti wa kijiji, ustawi wa jamii au polisi. Kumtafutia matibabu kutafuata. Kuondoka kwa ajili ya usalama si kumwacha.

Kupona kunafananaje?

Mara nyingi hakuna siku moja ya kusema “leo amepona.” Utaona analala saa tano badala ya mbili. Atakaa kwenye kiti kilichogeukia uani badala ya mlango. Siku moja rafiki atapita Jumatano kama kawaida, naye atatoka na kigoda cha pili. Siku mbaya zitarudi, hasa karibu na tarehe ya tukio, na hazimaanishi amerudi mwanzo.

Katika filamu ile, Michael alimfuata rafiki yake kwa upendo, lakini alichelewa na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Handeni na Korogwe mna zahanati, mna hospitali, mna majirani. Mtu wako akikukwepa leo, pita tena kesho kutwa, na safari hiyo mkubaliane siku ya kwenda kliniki.